Koni ya Nairobi nilipata marafiki, ya Uingereza nikala sandwichi peke yangu kwenye ngazi. Waliozoea nisaidieni

Mchora_Sinza:

Habari za saa hizi wakuu. Nina swali, mkitaka kucheka chekeni ila mnijibu.

Mambo ya anime, zile katuni za Kijapani, na vitabu vya katuni nimeanza niko darasa la nne, ila yale matamasha yenyewe ya mashabiki, ya kina Comic Con, mimi na mdogo wangu tunaita koni tu na tunajua ni jina la barafu, hayo nimeyaingia ukubwani na nimeenda mawili mpaka sasa. La kwanza NAICCON Nairobi, pale Sarit Westlands. Nilitoka Dar na basi alfajiri, nimebeba upanga niliojitengenezea mwenyewe kwa ile mikeka ya povu ya watoto ya kuunganisha, ya Kariakoo, ndani nimepitisha bomba la maji la plastiki ili usipinde. Mrefu kunizidi. Pale mpakani Namanga afande akaniita pembeni, akaunyanyua kwa mkono mmoja, akautikisa, akauliza hili godoro la nini. Nikasema ni la sanaa. Akaita wenzake wawili, kila mmoja akapiga picha ameushika, ndo nikaruhusiwa. Abiria wote wananisubiri mimi na godoro langu, konda alininunia mpaka Kajiado.

Ila kufika kule, aisee. Sikuwa namjua mtu hata mmoja, ndani ya nusu saa dada mmoja akaniuliza umevaa nani, yaani vazi langu ni la mhusika gani, nikamtajia, akapiga ukelele akaita kundi lake, basi siku nzima nikawa nao. Tukala chipsi pamoja, wakanishikia upanga nilipoenda chooni, jioni wakanisindikiza mpaka nilipofikia. Hadi leo tunachati.

Sasa niko Coventry nasoma. Mwezi uliopita nikasikia kuna koni ndogo mji wa jirani, jina silitaji, nikasema ngoja nikapate wenzangu. Ukumbi wa michezo, bado una mistari ya basketi chini. Nusu ya meza zinauza makava ya simu na vikombe. Mgeni rasmi tuliyeahidiwa kwenye tangazo hakuja, kulikuwa na karatasi ya A4 mlangoni inasema samahani. Nilizunguka mara tatu nikawa nimemaliza kila kitu kwa dakika arobaini, nikakaa kwenye ngazi nikala sandwichi yangu, nikarudi nyumbani na vazi langu lote. Aliyenisemesha ni mlinzi peke yake, na alichosema ni nisikae pale.

Mwisho wa Oktoba kuna koni kubwa ya MCM London, ukumbi wa ExCeL, na tiketi nimeshalipa kabla akili haijarudi. Nitakuwa peke yangu tena. Waliowahi kwenda koni tofauti tofauti, hebu nipeni picha, zinatofautianaje kwa mtu mgeni? Kubwa ndo upweke unazidi au unapungua? Na upanga naruhusiwa kuingia nao? Nimeanza kuutengeneza upya huku, ule wa kwanza mdogo wangu kagoma kuutuma.

fundi_mdogo:

Hiyo mikeka uligandisha na gundi gani? Yangu inabanduka kila siku.

Wa_Umoja:

Hiyo story ya Namanga imenimaliza kabisa, godoro 😂😂

Sasa sikiza. Mimi huuza stika na michoro kwa hizi event za Nairobi, si NAICCON pekee, naenda pia hizi ndogo ndogo, na nitakuambia kwa nini ulipata marafiki haraka hivyo. Ni juu sisi ni wachache. Ukitembea Westlands umevaa wigi ya bluu kila mtu anakuangalia kama umepotea, makanga wanakuitia matatu za Mathare, ile hospitali ya wagonjwa wa akili lol, sasa ukiingia ndani upate mtu mwingine na wigi ya bluu huwezi mpita bila salamu, ni kama umekutana na mtu wa kijiji chenu uko ng'ambo. Hakuna mwenye anakaa pale akijifanya amezoea. Hata sisi wenye kuuza, msee akikuja kwa meza anataka kununua stika moja tutaongea dakika kumi na tano hadi nasahau kumpea namba ya till ya kulipia.

Nilienda Comic Con Africa huko Joburg mara moja, walianza 2018 pale Kyalami lakini mimi nimeenda kama washahamia Nasrec. Hapo ni kubwa, tena gaming ndio imejaza, mahema na mahema ya watu wako kwa kompyuta, kelele ya mchezo hadi kichwa inauma. Siku ya kwanza niliboeka vibaya. Nilikuwa nazunguka kama mtu anatafuta ofisi ya serikali, kila pahali wananiambia si hapa. Siku ya pili nikajiambia leo natafuta tu wachoraji. Nikaenda ile sehemu ya wasanii saa nne asubuhi kabla watu wajae, nikaongea na kila meza, mmoja akaniambia weka kiti hapa nisaidie nikienda kukula. Nikauza vitu vya mtu sijui kwa rand sijui masaa mawili. Hiyo ndiyo siku nilifurahia.

Kwa hivyo usiende meza za wasanii saa saba mchana. Hapo mtu anauza, hana time. Enda asubuhi ama hiyo saa ya mwisho wakianza kupanga vitu kwa boksi, hapo wamechoka na wanataka kuongea na binadamu. Na kama huna pesa sema tu, hakuna mtu hukasirika, chenye hukasirisha ni mtu kupiga picha ya mchoro na simu halafu aende.

Mtumzima_Kigogo:

Watu wazima na akili zenu mnavaa katuni mnapanda mabasi. Kodi mmelipa?

JeshiLaMtuMmoja:

@Mtumzima_Kigogo mkuu, Siku ya Mwananchi ulijipaka kijani na njano uso mzima, ukapuliza vuvuzela kuanzia saa mbili asubuhi. Tulikuuliza kuhusu kodi?

Turudi kwa mleta uzi. Mimi niko Barking na ExCeL naijua, MCM nimeenda Mei mbili na Oktoba moja, maana huwa ni mara mbili kwa mwaka. Kwanza usafiri, kwa sababu watu wanapotezwa hapo. Ukishuka Euston chukua treni ya Northern mpaka Tottenham Court Road, pale panda ya Elizabeth mpaka Custom House, ukitoka tu umeshafika mlangoni. Ila angalia ubao, panda inayokwenda Abbey Wood. Ukipanda ya Shenfield utajikuta unaelekea Essex na mapanga yako. Ikitokea umekosea shuka Whitechapel ubadilishe. Wengine wanakuja na treni ya DLR wanashukia Prince Regent upande wa pili, wakati mwingine huko mlango unakuwa na watu wachache, inategemea na siku.

Jengo lenyewe ni refu, dada, refu kama Mtaa wa Msimbazi. Katikati njia ya kupita yenye vyakula kushoto na kulia, na kumbi ziko pande zote mbili. Usinunue chakula humo kama huna sababu, beba wali wako kwenye hotpoti. Watu tunakula tumejipanga chini ukutani, mtu ana mabawa ya mita mbili anakula maandazi, hakuna anayekushangaa.

Upanga wa povu unaingia. Kinachokataliwa ni chuma, na kitu chochote kinachoweza kumuumiza mtu kweli. Mlangoni kuna watu wa kukagua, wakiridhika wanakufungia kikamba cha plastiki kuonyesha umekaguliwa. Bomba lako la maji watalibonyeza bonyeza, uwe mpole. Kwenye treni uzungushie shuka au uutie kwenye mfuko mrefu, huku mtu akipiga simu polisi kwamba kuna mwanamke ana upanga Coventry stesheni hawaji kwa masihara.

Kuhusu upweke ukweli mchungu ni huu, London hakuna atakayekuuliza umevaa nani. Wako wengi mno na kila mtu kaja na wake. Dawa yake ni miadi. Kila anime yenye wafuasi wengi mashabiki wake wanapanga mtandaoni kabla, kwamba Jumamosi saa nane mchana wote waliovaa wahusika wa kitu fulani wakutane nje kwenye ngazi upande wa maji, wapige picha ya pamoja. Tafuta miadi ya kwako wiki moja kabla. Ukifika pale huna haja ya kujitambulisha, vazi limeshakutambulisha.

Na kama unaweza nenda Ijumaa. Jumamosi ni Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Ah na hii, nililipia picha na mwigizaji mmoja niliyempenda tangu utoto. Foleni saa moja na nusu, mbele yake nimekaa kama sekunde nane, na kwenye picha nimefumba macho. Sijutii hata kidogo.

Wa_Umoja:

@JeshiLaMtuMmoja hiyo pesa ungenunua michoro bana. Msanii angekukumbuka.

JeshiLaMtuMmoja:

Nimekuambia sijutii.

BintiMvita:

Asalaam aleikum. Mie ni mtu wa Mombasa ila niko Sharjah mwaka wa sita huu, naona hapa hapajasemwa ya Ghuba.

Ile kubwa ya huku ni Middle East Film and Comic Con. Ilianzia Dubai 2012, tangu 2022 ikahamishiwa Abu Dhabi pale ADNEC, basi sisi wa huku twaamka mapema twenda Ibn Battuta twapanda basi. Mara ya kwanza nlikwenda na wasiwasi kwelikweli, maana navaa hijabu na kila video nloiona ya kosplei, huko kuvaa kama wahusika, ni mawigi. Nkasema ntakuwa kituko. Kufika, wallahi, wanawake wa hijabu tele! Kama mhusika ana nywele za waridi watafuta mtandio wa waridi, waukunja na kuupiga pini ule mkunjo ufanane na nywele. Kuna mmoja alikuwa na pembe, kazishonea juu ya mtandio na shanga, kazi ya mkono hiyo, nkamsimamisha nkamuuliza kashona na uzi gani. Tukakaa chini hapo hapo akanionyesha. Mwaka uliofuata nami nlikuja na pembe zangu.

Huku kanuni za mavazi haziachwi mtu akisie, wakwambia mapema mwili usitiriwe, silaha za kweli hapana. Watu wengine wa nje hulalamika wakisoma. Mie naona ndiyo yafanya iwe ya familia, wamuona mama na buibui lake kakokota gari la mtoto, baba kavaa mavazi ya shujaa mwenye kitambi, watoto watatu nyuma kila mmoja na barakoa yake. Mgeni haogopi mahali penye watoto.

Na jambo la picha. Huku kumpiga mtu picha bila idhini yake ni jambo zito, hata sheria ipo, kwa hiyo watu huuliza. Ndugu yangu mmoja yuko New Jersey aniambia New York Comic Con nao wameweka mabango makubwa yasema kuvaa kosplei si ruhusa ya kuguswa. Nlikwenda koni nyengine, si ya huku na siitaji, mtu akanipiga picha kwa nyuma mara nne, nikigeuka aangalia simu. Nkamfuata nkamwambia nionyeshe. Akazifuta mbele yangu. Mwanangu nawe usione haya, ukiona hivyo mfuate, na ukiogopa mwite mtu wa fulana ya kazi, hao wako kwa ajili yako.

fundi_mdogo:

Dada Binti Mvita pembe hizo ni povu pia? Na gundi?

BintiMvita:

Pamba na kitambaa, mwanangu. Sindano tu.

Baba_Wawili_MD:

Naomba na mimi mzee nichangie. Nina miaka 49, koni sikuijua, niliburuzwa na binti yangu wa miaka 14 kwa sababu mama yake alikuwa zamu.

Hii ni Otakon, Washington, sisi tunakaa Maryland kwa hiyo ni karibu. Njia nzima kwenye gari mtoto ananifundisha historia kama nina mtihani. Baba ilianza 1994 huko Pennsylvania, baba ikakaa Baltimore miaka mingi, baba imehamia DC 2017, baba wote wanaoiendesha ni watu wa kujitolea hawalipwi. Nikamuuliza watu wangapi, akasema zaidi ya elfu arobaini. Nikadhani anatia chumvi. Nilipoona foleni ya beji imezunguka jengo, jua lenyewe ni lile la DC la kiangazi ambalo linachoma na unyevu juu, nikatamani kurudi kwenye gari.

Ndani sasa baridi ya kiyoyozi. Mtoto kakutana na wenzake wa shule kanitoroka, nimebaki na mkoba wake na kikoti chake cha pinki nimejifunika mabegani. Nikaingia chumba cha kwanza chenye viti. Kumbe ni paneli, yaani kikao cha watu kuongea mbele na wengine kusikiliza na kuuliza, na kule paneli nyingi sana zinaendeshwa na mashabiki wenyewe, si wageni maarufu. Wazee wawili wana ndevu nyeupe, mmoja kavaa kofia yenye masikio ya paka, wanaeleza walivyokuwa wanapata anime zamani kabla ya intaneti. Mtu mmoja anapata kanda kutoka Japani, anakaa na kompyuta yake ya nyumbani anaweka tafsiri chini, wewe unamtumia kanda tupu kwa posta pamoja na stempu za kurudishia, baada ya wiki kadhaa kanda inarudi imejaa. Picha inachezacheza kwa sababu ni nakala ya nakala ya nakala.

Ndugu zangu, nilikumbuka kibanda umiza cha kwetu Temeke. Mabenchi ya mbao, jasho, bati linawaka, na yule bwana na maikrofoni anatutafsiria sinema ya Kichina kwa Kiswahili, na Kichina hajui hata salamu. Anamwita adui mkuu "huyu mzee wa Mbagala" na sisi tunaamini. Wakati wa maswali nikanyoosha mkono nikawasimulia hayo. Chumba kizima kilicheka, na yule mwenye masikio ya paka akaniomba nibaki baada ya paneli nimweleze vizuri, tulikaa kwenye korido karibu saa nzima. Binti yangu aliponikuta pale, na kikoti chake mabegani, naongea na mzee mwenye masikio ya paka, alitamani ardhi ipasuke.

Kwa hiyo ushauri wangu mwanangu, tafuta paneli ndogo, chumba cha watu hamsini, si ule ukumbi mkubwa wa kupanga foleni. Kwenye chumba kidogo mtu unaonekana.

Na kuna kanuni yao wanaiita tano mbili moja. Kwa siku lala masaa matano angalau, kula milo miwili, oga mara moja. Nilidhani ni utani. Jumapili mchana nikaelewa kwa nini hiyo ya mwisho imewekwa.

Sasa hivi binti kanipigia kelele za koni ya San Diego. Anasema 1970 walianzia hotelini watu kama mia tatu, leo ni zaidi ya laki na elfu thelathini, na tiketi hata hela ukiwa nayo unasubiri bahati yako kwenye foleni ya mtandaoni. Nimemwambia tukipata tutakwenda. Naomba tusipate.

Mwanafunzi_Saitama:

Nasoma tu huu uzi nacheka. Naomba nipingane na wote kidogo.

Mimi niko Japani, nimeenda koni ya Comiket mara mbili, Agosti na Desemba. Ni kwenye kumbi za Tokyo Big Sight, ilianza Desemba 1975, na watu hawaendi kuona wasanii maarufu, wanaenda kununua vijitabu ambavyo mashabiki wenzao wamechora na kuchapisha wenyewe. Na hakuna kuongea. Foleni imenyooka kama imechorwa na rula, watu maelfu na wanasogea kimya, wa kujitolea wanaongoza kwa mikono. Kuja umevaa kosplei toka nyumbani marufuku, unavalia huko huko ndani kwenye chumba maalum na unavulia huko. Ningemwona yule wa London na mabawa kwenye treni ningeshtuka. Hela beba sarafu za yen mia na noti za elfu, ukitoa noti kubwa kwenye meza ya mtu utaona aibu mwenyewe bila kuambiwa.

Na mimi naenda peke yangu makusudi. Raha yake ni hiyo. Mwaka juzi kwenye kona moja ya wapenzi wa reli, maana kuna kona ya kila kitu, nikakuta mzee ana kijitabu cha kurasa ishirini hivi, kakichora kwa kalamu nyeusi, safari yake ya TAZARA. Kachora kituo cha Mlimba, mama kabeba sinia la ndizi, mpaka kivuli cha behewa chini kipo. Nikamwonyesha pasipoti yangu kwa sababu Kijapani kilinikimbia. Akaniangalia, akainama, na mimi nikainama, akanipa chenji yangu. Basi, ndo mazungumzo yote. Kijitabu kiko mezani hapa.

Kwa hiyo dada ukienda ukajikuta peke yako, si lazima iwe msiba.

Mchora_Sinza:

Jamani sikutegemea haya yote. @Mwanafunzi_Saitama tupia picha ya huo ukurasa wa Mlimba, babu yangu alifanya kazi TAZARA.

Nimepata miadi, Jumamosi saa nane ngazi za nje. Ijumaa nina darasa siwezi kukwepa. Nitaleta mrejesho.

Mchora_Sinza:

MREJESHO

Samahani nimechelewa, nilirudi na mafua ya wiki nzima, naambiwa hayo yako kwenye tiketi.

Nilipanda ya Shenfield. Naomba msiseme chochote. Niliona dirishani watu wenye mawigi wanapanda treni nyingine ndo nikashtuka, nikashuka Whitechapel mbio na upanga wangu umefungwa kitenge kama mtoto. Ila kuanzia pale nilikuwa nafuata tu mawigi.

Mlangoni kijana wa ukaguzi alilibonyeza bomba, akagonga gonga, akaniuliza hili ni la nini, nikamwambia bila hilo upanga unalala. Akacheka akanifungia kikamba cha rangi ya chungwa. Saa ya kwanza ilikuwa mbaya, sitaficha. Watu wengi mpaka huoni sakafu, ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyaga mkia wa mtu. Nikasema kimoyomoyo yale yale ya ngazi na sandwichi. Nikakumbuka @Wa_Umoja, nikaenda kwa wachoraji, lakini ilikuwa saa sita tayari wamejaa wateja, nikapita kimya nikanunua stika moja ya paka.

Miadi sasa. Tulikuwa kama arobaini, watano wamevaa mhusika wangu, na mimi ndo mwenye upanga mkubwa kuliko wote, naomba liandikwe hilo. Mpiga picha akasema wenye silaha wainue juu. Nikainua, upepo ule wa mtoni ukaupiga, ncha ikakatika ikamwangukia mtu kichwani. Povu jamani, hakuumia. Lakini nilitaka kulia mbele ya watu. Yule aliyeangukiwa, mama mmoja mtu mzima tu, kavaa mchawi, akafungua pochi yake mkononi, ndani kuna gundi, utepe, sindano, pini, mkasi, nusu duka. Akakaa kwenye ngazi akaniambia shika hapa. Tumekaa pale dakika ishirini mpaka ikashika, ananieleza alianza kushona mavazi ya mwanaye, mwanaye kaacha, yeye kaendelea. Waliobaki wakatuzunguka wanatoa maoni kama mafundi garage.

Baadaye nilitembea na watatu kati yao mpaka jioni. Tumepeana akaunti. Mmoja kanijibu, wawili kimya hadi leo. Nairobi ilikuwa tofauti, nisidanganye, kule nilirudi na ndugu. Huku nimerudi na mtu mmoja wa kuchati naye na upanga wenye kovu, na Mei nimeshaangalia bei ya tiketi. Ya Ijumaa safari hii.

Na ile saa ya mwisho nilirudi kwa wachoraji nikamkuta yule wa stika ya paka. Akanipa kiti tu, tukaanza kuongea, wakazima taa.

Wa_Umoja:

Si nilikuambia. Saa ya mwisho.

Baba_Wawili_MD:

Hongera mwanangu. Sisi San Diego tumekosa. Mtoto amelia, mimi nimemfariji.

fundi_mdogo:

Dada mara ya tatu hii naomba. GUNDI.

Mchora_Sinza:

@fundi_mdogo nisamehe jamani 😂 Ya viatu. Nenda kwa fundi viatu yeyote mwambie ile anayopakia soli, akuuzie hata kwenye kifuniko. Paka pande zote mbili nyembamba, usiunganishe ikiwa mbichi hapo ndo unapokosea, subiri mpaka ukigusa hainati kidoleni, halafu ugandishe kwa nguvu mara moja maana haitoki tena. Na fungua madirisha.